Kupunguza Tumbo Pamoja na Operesheni ya Kizazi: Hukumu Zake na Mambo ya Kuangaliwa

 

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina watoto na ndugu waliohamia bara kwa biashara, na wengine wamefika mbali, mpaka kwenye ukanda wa dhahabu: Kahama na Kakola katika mkoa wa Shinyanga, Katoro, Nyarugusu na Geita mjini. Dada akipata uvimbe wa kizazi huko, simu hupigwa nyumbani. Daktari amesema lazima afanyiwe operesheni. Naye, baada ya uzazi wa mara tano au sita, anauliza kama anaweza "kumalizia na tumbo" kwa safari hiyo hiyo: ngozi iliyoning'inia ikatwe, misuli iliyolegea ivutwe na kushonwa. Shangazi anasema haramu, mume anasema gharama ni moja, na rafiki ameona tangazo kwenye simu. Suala la namna hii tumelipata kwa sura nyingi, ndiyo maana tumeona tuliandike kwa urefu mara moja.

Jibu kwa ufupi ni kwamba operesheni mbili chini ya nusukaputi moja haziwi na hukumu moja. Kuondoa uvimbe unaomwaga damu ni matibabu, na hilo halina mgogoro. Tumbo linahitaji sababu yake lenyewe. Halipati ruhusa kwa kuwa limepanda gari la mwenzake. Na hata likiwa na sababu, linabaki suala la pili: je, kuyaunganisha mawili kunamzidishia mama hatari? Kwani kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana inatangulia mbele ya wepesi wa gharama.

Operesheni yenyewe

Jambo hili si geni kama watu wanavyodhani. Mmoja wa madaktari wa mwanzo walioandika kuhusu kukata ngozi na mafuta ya tumbo alikuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, Howard Kelly wa hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani, mwaka 1899. Daktari wa kizazi ndiye anayelifungua tumbo, basi tangu zamani alijikuta anakutana na ngozi iliyolegea, ngiri na misuli iliyoachana. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia Mloganzila imekuwa ikitangaza katika miaka ya karibuni huduma za kupunguza uzito kwa puto na upasuaji wa kuondoa kile ambacho watu wamekibatiza jina la "nyama uzembe". Jina hilo hatulipendi. Tumbo la mama aliyebeba mimba sita halikulegea kwa uzembe. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana katika posa za visiwani bwana harusi anatoa mkaja kwa mama wa binti, kwa kulikumbuka tumbo lililofungwa kitambaa baada ya uzazi.

Katika operesheni kamili ya tumbo, daktari anakata kutoka nyonga moja hadi nyingine chini ya kitovu, anainua ngozi na mafuta, anaivuta na kuishona misuli miwili ya mbele iliyoachana, kisha anakata ngozi iliyozidi. Kwa kawaida kitovu huhamishwa mahali pake. Ni kazi ya saa kadhaa. Anayeambiwa kwamba ni "kashono kadogo tu" hakuelezwa ukweli.

Kwanza ijulikane tumbo lina nini

Hili linapitwa na wengi. Tumbo kubwa si lazima liwe mafuta. Huenda ni uvimbe wa kizazi wenye ukubwa wa mimba ya miezi mitano, au uvimbe wa mfuko wa mayai, au maji yaliyojaa tumboni. Kanda ya Ziwa ina kichocho cha matumbo, ambacho kikikaa miaka huliharibu ini na kulivimbisha bandama, na mtu akaonekana ana kitambi. Mama wa namna hii akikimbilia kukatwa ngozi, ugonjwa wake unabaki ndani. Kipimo cha picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, ambacho watu wanakiita ultrasaundi, kinapatikana hata katika hospitali za wilaya, nacho kitangulie mazungumzo yote ya urembo.

Hukumu ya sehemu ya tumbo

Asili ya katazo ni aya ya 119 ya Surat An-Nisaa, inayotaja ahadi ya shetani ya kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu, pamoja na Hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuhusu laana kwa wanawake wanaochanja na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri. Imam Nawawi, ambaye watu wa visiwani wengi wanamfuata katika madhehebu ya Shafii, ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba tamko la "kwa ajili ya uzuri" linaonesha kuwa kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kwa kutafuta uzuri. Ama anayehitaji kwa tiba au kwa aibu iliyomo kwenye jino na mfano wake, hapana ubaya.

Na ipo habari ya Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha ikamtia harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamuamrisha afanye ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu ni haramu kwa mwanamme kuivaa, na bado iliruhusiwa pale ilipokuwa inaondoa madhara. Ndugu zetu wanaoishi juu ya miamba ya dhahabu kule Geita wana haki zaidi ya kuikumbuka Hadithi hii.

Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu lilitoa azimio namba 173 katika kikao chake cha 18, Putrajaya, Malaysia, Julai 2007. Likaruhusu upasuaji wa kurejesha umbo la kawaida au kazi ya kiungo, kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo na zilizotokana na ajali, moto au maradhi, na kuondoa kasoro inayomletea mtu adha ya mwili au ya nafsi. Likakataza ule wa kufuata matamanio na kuiga watu. Kuhusu kupunguza uzito kwa upasuaji, likaruhusu iwapo uzito umekuwa ni hali ya maradhi, hapana njia nyengine, na mtu amesalimika na madhara.

Tukiyashusha haya kwenye tumbo la mama wa Katoro, tunaona hali tatu. Mwenye ngiri ya kitovu au ya kovu la operesheni ya uzazi, au misuli iliyoachana hadi mgongo unauma na hawezi kuinuka vizuri, huyo yuko kwenye tiba. Hata ngozi ikikatwa ili ngiri ifungike vyema, ni sehemu ya tiba hiyo. Vivyo hivyo mwenye tumbo lililoanguka juu ya mapaja likamletea vidonda na fangasi visivyokwisha. Na wapo wanene sana ambao daktari wa kizazi mwenyewe anataka ngozi na mafuta yaondolewe ili aweze kukifikia kizazi, hasa panapokuwa na saratani. Hapo hakuna cha kujiuliza.

Mwenye tumbo la kawaida la mzazi, lisilouma wala kumzuia na jambo, na anataka lifanane na la msichana kwenye picha, huyo tunamwambia asifanye. Na mume asimlazimishe. Mwanamme anayemtisha mkewe kwa mke wa pili kwa sababu ya tumbo lililobeba watoto wake ana la kujibu mbele ya Mola wake.

Baina ya hao wawili yuko mwenye ngozi iliyoning'inia baada ya uzazi mwingi au baada ya kupungua kilo nyingi, haina kidonda lakini imemvunja nafsi. Hapa wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Wapo waliosema ni kasoro iliyozuka, basi inaingia katika adha ya nafsi, na wapo waliosema ni athari ya kawaida ya uzazi na umri. Sisi tunaona kwamba adha ya nafsi isipimwe na mtangazaji wa huduma, bali na daktari muadilifu na mwanachuoni wanaomjua mama huyo, baada ya mazoezi na kupunguza uzito kujaribiwa kwa miezi. Akiruhusiwa kwa njia hiyo, hatumlaumu.

Je, kuziunganisha kuna usalama?

Faida zipo na tuziseme kwa haki: nusukaputi mara moja, kitanda mara moja, nauli mara moja, kidonda kimoja. Kwa mtu anayetoka Nyarugusu hayo si madogo.

Lakini kupunguza tumbo kunahesabika na madaktari kuwa miongoni mwa operesheni za umbo zenye hatari kubwa ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Misuli ikivutwa na kubanwa, shinikizo ndani ya tumbo hupanda na damu ya miguuni hurudi kwa shida. Operesheni ya nyonga na kizazi nayo ina hatari hiyo hiyo. Ukiziweka pamoja, muda wa kulala mezani unarefuka na damu inayopotea inaongezeka. Bonge la damu likikatika na kukimbilia mapafuni, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Madaktari wa Marekani waliandika tahadhari hii tangu miaka ya 1980, walipowachunguza wanawake waliofanyiwa yote mawili kwa pamoja. Pamoja na hayo, zipo hospitali zinazozifanya kwa usalama, kwa mgonjwa aliyechaguliwa, kwa sindano za kuzuia damu kuganda, soksi za kubana na kumtembeza mgonjwa mapema.

Nani asikubaliwe? Mwenye upungufu wa damu ambao haujatibiwa. Huyu ndiye mgonjwa wa kawaida wa uvimbe wa kizazi, kwa sababu anamwaga damu kila mwezi na katika maeneo ya malaria anapungukiwa mara mbili. Mwenye kisukari au presha isiyodhibitiwa. Mwenye uzito uliopindukia, isipokuwa kwa haja ya kitabibu. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni amwambie daktari, maana vinaongeza kuganda kwa damu. Mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa, asiguswe bila ya bingwa wake kushauriwa.

Na operesheni ya kujifungua? Wapo wanaotaka tumbo likatwe pale pale mtoto anapotolewa. Hili tunalikataza waziwazi kwa sababu ya madhara yake. Kizazi bado kimevimba, ngozi na misuli haijarudi mahali pake hata ijulikane kipi kimezidi, damu ya mzazi ina tabia ya kuganda kuliko kawaida, na kuna mtoto wa kunyonyeshwa. Asubiri angalau miezi sita hadi mwaka, na amalize kunyonyesha. Wengi wakifika hapo wanakuta haja yenyewe imepungua.

Hali ya Shinyanga na Geita

Mtu wa huko ana mambo ambayo mkaazi wa Dar es Salaam hana. Bingwa wa magonjwa ya wanawake anaweza kumpata katika hospitali za rufaa za mikoa, au hospitali ya kanda ya Chato, au Bugando kule Mwanza. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya Geita hadi Mwanza haisubiri tena kivuko, na hiyo ni neema kwa mgonjwa wa dharura. Bingwa wa upasuaji rekebishi ni mgumu kupatikana zaidi. Madaktari bingwa wa Rais Samia, ambao tangu 2024 wamekuwa wakizungushwa katika halmashauri, huja na fani za uzazi, upasuaji, watoto, magonjwa ya ndani na usingizi. Wamewasaidia wengi, lakini hukaa siku chache wakaondoka. Kambi ya namna hiyo inafaa kwa uvimbe na ngiri. Kidonda kirefu cha tumbo kinataka mwangalizi wa wiki nyingi.

Kwa hiyo wengine husafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, wakafanyiwa yote mawili, kisha baada ya siku chache wanapanda basi kurudi. Kukaa kwenye kiti saa kumi na tano miguu ikiwa imekunjwa ndiyo njia ya kuliita bonge la damu. Anayefanyiwa mbali na kwao awe na nyumba ya jamaa ya kukaa huko mpaka daktari amruhusu kusafiri. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma au akikohoa damu, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Halafu kuna kazi. Kwenye machimbo madogo wanawake wanaponda mawe, wanabeba viroba kupeleka kwenye makarasha, wanachota maji ya kuoshea udongo. Mama ntilie wa Kakola anainua sufuria la wali la watu hamsini. Mshono wa misuli unahitaji wiki sita au zaidi bila ya kunyanyua kitu kizito, na wa ngiri wakati mwengine zaidi. Mama ambaye hana wa kumshikia kazi kwa miezi miwili, akifanyiwa operesheni mbili, ngiri itarudi na pesa itakuwa imekwenda bure. Suala hili la nani atabeba maji nyumbani liulizwe kabla ya suala la bei.

Kufunga kizazi "kwa vile umeshafunguliwa"

Daktari wa tumbo hupenda mama awe amemaliza kuzaa, kwa sababu mimba mpya huilegeza kazi yake. Hapo linakuja pendekezo la kufunga mirija kabisa, au la kutoa kizazi chote badala ya uvimbe peke yake. Baraza la Fiqhi katika kikao cha tano, Kuwait, Desemba 1988, azimio namba 39, lilisema kuondoa moja kwa moja uwezo wa kuzaa kwa mwanamme au mwanamke ni haramu isipokuwa kwa dharura kwa vipimo vya sharia. Kuhifadhi mshono wa tumbo si dharura. Mama mwenye umri wa miaka 33 mwenye uvimbe unaoweza kutolewa peke yake aulize swali hili kwa sauti: je, kizazi chenyewe kina ugonjwa? Na asome karatasi ya ridhaa kabla ya kuweka saini au dole gumba. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake.

Ridhaa hiyo ni yake yeye mwenye mwili. Kumshauri mume ni katika uzuri wa kuishi pamoja, hasa katika jambo linalogusa uzazi, lakini inapokuwa damu inamtoka na maisha yako hatarini haisubiriwi simu ya mtu.

Sitara

Kuhusu daktari mwanamme, azimio namba 81 la Baraza hilo, Brunei, Juni 1993, limepanga daraja: daktari mwanamke Muislamu, akikosekana mwanamke asiye Muislamu, kisha mwanamme Muislamu, kisha mwanamme asiye Muislamu, na kisionwe zaidi ya kinachohitajika, na awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu ili kusiwe na faragha. Katika uvimbe unaomwaga damu, mama wa Geita asijizuie kwa kukosa daktari wa kike. Katika tumbo la kutafuta uzuri hana udhuru wa kujifunua hata kidogo, na hii ni sababu nyengine ya kutofautisha hukumu mbili. Picha za "kabla na baada" zinazowekwa mitandaoni hazina ruhusa yoyote, hata uso usipoonekana.

Karatasi za bima

Bima kwa kawaida hazilipii urembo. Yanatokea mapatano ya kuandika "ngiri" pasipo na ngiri, au kuingiza kazi ya tumbo ndani ya hesabu ya kizazi. Huo ni uongo na ni kula mali ya watu kwa batili. Mfuko wa bima ni michango ya wagonjwa wengine. Aliyekwishafanya hivyo arejeshe thamani yake na atubie. Mwenye ngiri ya kweli aandikiwe ngiri yake bila ya haya.

Twahara, Swala na eda

Haya yanaulizwa sana baada ya operesheni. Bendeji ya tumbo haiko kwenye viungo vya udhu, basi udhu wake ni wa kawaida. Inapokuja josho la wajibu ndipo atakapoosha palipo salama, apake maji juu ya bendeji na atayamamu. Damu inayotoka kwenye mrija wa kidonda haivunji udhu katika madhehebu ya Shafii, ila asafishe anachoweza. Aliyewekewa mrija wa mkojo anatawadha kwa kila Swala ya faradhi baada ya wakati kuingia, kama mwenye kutokwa na mkojo mfululizo. Akikatazwa kuinama, atasali kwa kukaa au kulala na ataashiria rukuu na sijda. Awaombe wampangie asubuhi mapema ili azinduke kabla ya Adhuhuri kumpita. Swala zilizompita usingizini, wanavyuoni wengi wa sasa wanamtaka azilipe, kwa kuwa usingizi huo ameutaka mwenyewe.

Kizazi kikitolewa chote, damu itakayoonekana baadae si hedhi. Atasali na kufunga. Akiachwa na mumewe, eda yake ni miezi mitatu kama asiyepata hedhi, na akifiwa ni miezi minne na siku kumi kama wengine. Aliyetolewa uvimbe tu na kizazi kikabaki, ada yake inaendelea, na damu ikichanganyika na ya kidonda amuulize mwanachuoni wa karibu kwa kumuelezea siku na rangi. Ama kizazi na ngozi iliyokatwa, sunna ni kuzikwa. Hospitali nyingi zinateketeza, hivyo familia inayotaka kuzika iombe mapema kabla ya siku ya operesheni.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.